Stempu za marehemu babu zishapata wanunuzi nje, kuzituma na kuzikatia bima inakuwaje?

Bint_Kikwajuni

Assalam aleikum jamani, naomba mnisaidie maana nishajitia kwenye mtihani. Marehemu babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na ugonjwa wa stempu toka ujana wake, kaacha albamu 3 na bahasha kubwa la kaki limejaa, vyote vilikuwa ndani ya kasha na karafuu, mpaka leo ukifungua vinanukia. Humo mna za Sayyid Khalifa, mna zile kubwa zenye jahazi za 1913, halafu mna fungu la zile zenye kichwa cha Sayyid Abdulla zilizopigwa muhuri JAMHURI 1964 kwa juu. Familia tumekaa tukakubaliana tuuze baadhi tuezeke nyumba, kaka yangu yupo Leicester ndo mwenye akaunti ya eBay, mie huku napiga picha naandika maelezo yeye anapandisha.

Sasa mie nilijua itakaa miezi, kumbe wiki ya pili tu vitu 3 vishaondoka!! Kimoja dola 38 kwa mtu wa Ureno, kingine 165 kwa Mmarekani, na seti moja dola 410 kwa Mjerumani. Na kwenye sehemu ya usafirishaji niliandika dola 5 kwa vyote, sijui nilikuwa nafikiri nini, niliona wengine wameandika 5 nami nikaandika.

Nimekwenda kuria mmoja (kampuni za kusafirisha vifurushi) mjini kanitajia karibu dola 60 kwa bahasha moja, nikamuuliza na bima, akaniuliza ndani mna nini, nikamwambia stempu za zamani, akaniangalia hivi, akasema "dada bima yetu haichukui vitu vya kale". Nikenda posta wakanambia kuna rejista na kuna EMS, ile ya posta ya haraka. Mjerumani ananiandikia kila siku anataka "insured". Mmarekani yeye hajasema kitu, na huyo ndo ananitia wasiwasi zaidi.

Naomba mnambie 1) hiyo dola 5 nshaiandika, naweza kuwaomba waongeze? 2) kitu kikipotea anayekula hasara ni nani, mie au yeye? 3) rejista ni bima au si bima?

---

mtoto_wa_malindi

Waaleikum salaam. Kwanza pole kwa babu, pili hongera kwa kuuza, tatu hiyo dola 5 sahau, ishakwenda. Mtu kashanunua kwa bei aliyoiona, ukimrudia umwambie "ongeza" unapata nyota moja na maneno. Lipa kutoka mfukoni uwe umelipia ada ya shule.

Halafu si lazima upoteze hela kwa posta na kuria. Kila siku kuna watu wanapanda ndege hapa Kisauni kwenda London, Dubai, Oman. Mpe mtu bahasha amfikishie kaka yako Leicester, yeye aposti kule. Bure kabisa. Sisi kwetu tunatuma mpaka mafenesi.

---

Mzee_Rejista

Bint Kikwajuni, waaleikum salaam warahmatullah. Mimi nauza stempu na kadi za zamani za Zanzibar kwa mtandao mwaka wa tisa sasa, na kabla ya mtandao nilikuwa natuma kwa barua kwa wakusanyaji wenzangu, kwa hiyo nimeshaungua sehemu nyingi. Nitakujibu kwa mpangilio wangu si kwa mpangilio wako.

La rejista kwanza kwa sababu ndilo linalowachanganya wengi. Rejista si bima. Rejista maana yake barua yako ina namba, inaandikwa kila inapopita mkono kwa mkono, na anayepokea anatia saini. Ikipotea kuna fidia lakini ni fidia ya kiwango, haitazami ndani ulitia nini. Kwa taratibu za umoja wa posta duniani kiwango cha barua ya rejista iliyopotea ni SDR 30, hiyo SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, ukiigeuza ni kama dola 40 hivi. Uwe umetia stempu ya dola 38 umeokoka. Uwe umetia ya 410, fidia yako ni hiyo hiyo 40. Bima ya posta ni kitu kingine mbali, unatangaza thamani na unalipia kufuatana na hiyo thamani, lakini hiyo ya barua ni hiari kwa nchi, kuna nchi zinapokea na kuna nchi hazipokei, kwa hiyo dirishani usiulize "mna bima?" uliza "Ujerumani mnapeleka barua yenye bima, na mwisho wa thamani ni kiasi gani?" Ukiuliza la kwanza watakujibu ndio, halafu watakupa rejista.

Kuria nao wana lao. Watu wanadhani kwa kuwa umelipa dola 60 basi kitu kiko salama. Kiko salama zaidi, kweli, na kinafika upesi, lakini kikipotea bila bima uliyoinunua mbali, dhima yao mara nyingi inapimwa kwa KILO. Mkataba wa Montreal wa mizigo ya ndege unaweka mwisho wa SDR 26 kwa kilo, ilikuwa 22 wakapandisha mwisho wa 2024. Sasa tia akilini, bahasha yako ina gramu 100. SDR 26 gawa kwa kumi. Hata dola 4 haifiki! Sheria hii ilitungwa na watu wanaofikiria magunia na mashine, si stempu. Mtu anayesafirisha friji analindwa kuliko wewe.

Na yule kijana wa kuria aliyekwambia bima yao haichukui vitu vya kale, mshukuru, kakwambia kweli. Wapo wanaokupokelea hela ya bima na ukija kudai ndo wanakuonesha mstari mdogo kule nyuma.

Anayekula hasara ni wewe. Kwa eBay na mitandao mingi ya namna hiyo, mnunuzi akisema sijapata, wewe muuzaji ndiye unayetakiwa uthibitishe kuwa kimefika, yaani namba ya kufuatilia ioneshe kimefikishwa kwenye anwani ile aliyoiandika. Ukikosa, wanamrudishia hela zake na wewe huna stempu na huna hela. Na kikifika kimevunjika au kimelowa pia ni juu yako. Kwa hiyo bima si zawadi unayompa mnunuzi, bima inakulinda WEWE. Muuzaji anayeandika "mnunuzi ukitaka bima ongeza dola 10" hajaelewa anayekaa kwenye moto ni nani.

---

Mzee_Rejista

Nimesahau. Kwa hiyo ya mtu wa Malindi ya kumpa abiria. Hapana.

---

mtoto_wa_malindi

Kwa nini hapana mzee? Hivi mnajua watu wangapi wanatumiana dhahabu kwa mkono wa abiria hapa?

---

Mzee_Rejista

Wanatumiana ndugu kwa ndugu. Dhahabu ya dada yako ikipotea mnagombana mnasameheana kwenye arusi. Mjerumani hana arusi na wewe.

Kisha kuna forodha. Abiria anayeingia Uingereza ana msamaha wa vitu vyake vya thamani ya pauni 390, lakini ni vitu vya kutumia mwenyewe au zawadi, mali ya kuuza haimo, hata ikiwa ya pauni 20 inatakiwa itajwe. Akikamatwa na bahasha la stempu na simu yake ina mazungumzo ya bei, atasema nini? Utamtia mtu wa watu matatani kwa ajili ya kuokoa nauli ya barua.

Ingawa sikatai, kaka yake akienda na albamu kwa njia ya halali akaitaja forodhani, kutuma kutoka kule kuna raha yake. Ndani ya Uingereza kwa Special Delivery fidia inafika pauni 750 kwa bei ya kawaida na unaweza kupandisha mpaka 2,500. Lakini wateja wake mbona wako Ureno, Marekani na Ujerumani, hiyo haitomfaa leo.

---

yakhe_wa_wete

Bibie nkwambie yalonikuta mie, uone hayo ya Mzee Rejista si hadithi.

Mie niko Wete, nauza sarafu, sana sana zile pesa za shaba za Sayyid Barghash za mwaka 1299 wa Hijria zenye picha ya mizani, huku Pemba watu wanazo ndani ya makopo hata hawajui. Moja moja si ghali lakini nzuri zinapata hela. Mwaka juzi akatokea mtu wa Kanada akataka fungu la sarafu 22 na riyali moja ya fedha, jumla ikawa kama dola 300 na kitu. Mie kwa ujanja wangu nikazitia kwenye bahasha ya kawaida ya rejista, kwenye karatasi ya forodha nikaandika "vifungo vya shaba, dola 10", nikijua nawafanyia akili wezi na nampunguzia mwenzangu ushuru. Nikasafiri na boti mpaka Unguja nikaposti, nikarudi zangu.

Haikufika. Wiki 3, wiki 6, mtu wa watu akafungua kesi, hela zikarudishwa kwake. Nikenda kudai. Yule bwana wa dirishani alikuwa mpole, akanisomea karatasi yangu mwenyewe nloiandika kwa mkono wangu. Vifungo vya shaba. Dola kumi. Yakhe nilitamani ardhi.

Tena akanambia kitu ambacho sikukijua maisha yangu yote, kuwa sarafu, noti na vitu vya dhahabu na fedha haviruhusiwi kabisa kutiwa kwenye barua ya kawaida ya nje, kwa mkataba wa posta wa dunia vinakwenda kwa barua ya bima, au kwa rejista pale tu sheria za nchi zote mbili zinaporuhusu. Kwa hiyo hata ningeandika kweli, huenda bado ningekuwa nshavunja sheria. Stempu zako haziko hivo, zenyewe karatasi tu, shukuru Mungu babu yako hakupenda sarafu.

Kwa hiyo thamani ya forodha na thamani ya bima ni moja. Huwezi kuwaambia forodha kumi na bima mia tatu. Watakushika kwa hiyo kumi.

---

Bint_Kikwajuni

Ya Rabbi. Nashukuruni nyote, ami Rejista nimesoma mara 3.

Sasa hapo hapo kwa yakhe ndo penyewe, Mmarekani kaibuka leo kaniandikia "please mark as gift, value $20". Nifanyeje? Mtu mwenyewe kakaa kimya wiki nzima neno lake la kwanza ndo hilo. Na ushuru huko kwao analipa nani?

---

klia_bandarini

Dada mie kazi yangu ni kuklia mizigo, stempu sizijui lakini makaratasi nayajua. Usiandike zawadi. Kitu kilichouzwa si zawadi, ni tangazo la uongo na jina lililoandikwa pale juu ni lako si lake. Yeye akikamatwa anasema "mimi sikujua, muuzaji ndo kaandika". Na kikipotea yupo wa kukudai dola 165 na wewe mkononi una karatasi ya 20, kama alivokwisha kuonyeshwa yakhe hapo juu. Mjibu kwa upole, "sheria hainiruhusu", basi.

Karatasi zenyewe ni hivi, mzigo wa posta wa thamani ndogo unajaza CN22, ile stika ndogo. Ukipita SDR 300 unajaza CN23, ile kubwa. 165 ni CN22. 410 inategemea, SDR 300 inazunguka kwenye dola 400 hivi na inapanda na kushuka, kwa hiyo huyo Mjerumani mjazie CN23 tu usibahatishe. Usiandike "karatasi" wala "old things". Andika stempu za posta za Zanzibar, zilizotumika au zisizotumika, za mwaka kadhaa, za mkusanyaji, na uweke namba ya bidhaa 9704, hiyo ndo ya stempu dunia nzima. Hiyo namba ina faida kwa mnunuzi maana sura ya 97 ni ya sanaa, vitu vya kale na vya wakusanyaji na nchi nyingi zina kiwango chake kidogo, mfano Uingereza kodi ya VAT ya kuingiza vitu hivyo ni asilimia 5 badala ya 20. Mtu wako akidaiwa kamili aulize.

Anayelipa ushuru na VAT kwa kawaida ni mnunuzi, lakini mwandikie mapema. Ulaya ule msamaha wa vitu vya chini ya yuro 22 ulifutwa 1 Julai 2021, kwa hiyo hata Mreno wako wa dola 38 anaweza kudaiwa VAT, asije akashangaa akakataa mzigo. Mzigo ukikataliwa unarudi, na nauli ya kurudi utaisikia wewe. Marekani ndo palipobadilika zaidi, vitu vya chini ya dola 800 vilikuwa vinaingia bure, toka 29 Agosti 2025 hiyo imesimamishwa, posta za nchi nyingi zikaacha kwa muda kupeleka vifurushi huko mpaka utaratibu ujulikane. Kwa hiyo kabla hujamuahidi Mmarekani nenda dirishani uulize leo wanapokea nini kwenda huko na kwa masharti gani, usitegemee alichokwambia mtu mwaka jana. Hata mie.

---

Bi_Tamu_wa_Shangani

Nyie mnazungumza bima bima na hakuna hata mmoja aliyemwambia namna ya kufunga. Bima yoyote duniani, neno la kwanza watakaloangalia ni ulifungaje. Wakiona umefunga ovyo wanakwambia kosa lako.

Bibie mie nauza postikadi na picha za zamani, zile za wapiga picha Wagoa wa hapa mjini, na adui yangu wa kwanza si mwizi, ni unyevu. Huu unyevu wetu wa masika unazifanya gundi za stempu zijibandike zenyewe kwa zenyewe. Stempu isiyotumika iliyopoteza gundi imepoteza nusu ya bei yake, wakati mwengine zaidi. Usifunge siku ya mvua na dirisha wazi. Zitie kwenye kile kibahasha cha karatasi laini inayoonyesha, wenyewe wanaita glasini, au kadi yenye ukanda mweusi, kisha kadibodi mbili ngumu huku na huku ziwe kubwa kuliko stempu kila upande, kadibodi zifungwe zenyewe kwa zenyewe na selotepu isiguse karatasi ya ndani, kisha mfuko wa plastiki, kisha bahasha. Selotepu kwenye stempu ni kuiua. Na tafadhali usitumie ile mifuko laini ya plastiki yenye kunuka kama mpira mpya, inachafua.

Tena kabla hujafunga skani mbele na nyuma, kila stempu. Nyuma ndo muhimu, watu wanaangalia gundi na alama za hinji, vile vikaratasi vya kubandikia stempu kwenye albamu. Mie napiga na video, simu naiegemeza kwenye birika, natia ndani, nafunga, naandika anwani, napima uzito mezani, yote bila kukata. Ilishanifaa mara moja mtu aliposema kapokea bahasha tupu. Uzito wa pale posta kwenye risiti na uzito wa kwangu vilikuwa sawasawa, nikamwambia basi huo uzito ulikuwa wa nini?

Na skwambii kuhusu anwani. Mwandikie akuthibitishie kwenye mtandao wenyewe, si WhatsApp.

---

Kibubu63

Salaam. Mimi nitasema jambo ambalo Mzee Rejista huenda asilipende.

Kwa vitu vidogo usikate bima. Jikatie mwenyewe. Mimi nina kibubu cha mbao, kile kile cha Mchangani cha kutia sarafu za Ramadhani, na kila nikiuza kitu natia humo dola 2 kwa hela za kwetu. Nina vitu kama 70 nilivyotuma, vimepotea 2, kimoja cha dola 22 na kimoja cha 45. Nimevilipa vyote kutoka kwenye kibubu na ndani bado mna hela ya kutosha. Ningelinunulia bima kila bahasha ningekuwa nimelipa zaidi ya hizo 67 mara kadhaa. Kampuni ya bima inafanya hesabu hiyo hiyo, tofauti yao na mimi ni ofisi yenye kiyoyozi.

Ila kibubu kina mpaka. Kitu kimoja kikiwa kikubwa kuliko kibubu chote, hicho usikibebe peke yako. 410 yako ni kubwa kuliko kibubu ambacho hata hujakinunua.

Na watu wa eBay wajue hili, ada yao wanakata kwenye jumla yote, bei pamoja na usafirishaji. Kwa hiyo ukiandika usafiri dola 20 ukalipa posta 20, umepata hasara ya ile asilimia yao. Ndo maana wengine wanaandika "usafiri bure" na kupandisha bei, hainipendezi sana lakini ada inatoka ile ile. Mimi naandika usafiri ule wa kweli na kijisehemu cha bahasha, kadibodi na daladala ya kwenda Kijangwani. Daladala nayo ni gharama!

---

Mzee_Rejista

Kibubu, mbona nalipenda. Mimi nafanya hivyo hivyo, yangu ni kopo la maziwa.

Pale pa 410 nitaongeza. Kwanza, je ni seti kweli? Kama Bint anaweza kuigawa, agawe bahasha mbili siku mbili mbalimbali, kwa ridhaa ya mnunuzi, kila moja na rejista yake. Zikipotea zote mbili basi huo ni mkosi wa peke yake. Pili, kuna bima za nje zilizotengenezwa kwa wakusanyaji na wafanyabiashara wa vitu hivi, hizo zinaelewa stempu ni nini, na kaka yako akiwa Uingereza aulizie, lakini asome kama zinachukua mzigo unaoanzia Tanzania. Nyingi zinataka uwe umetumia njia yenye saini.

Tatu, thamani. Usidai kwa bei ya katalogi. Katalogi ya Stanley Gibbons itakwambia stempu ni pauni 90, sokoni inauzwa 25. Bima inalipa kile ilichouzwa au zinazofanana zilivyouzwa karibuni. Chapisha ule ukurasa wa mauzo uuweke.

Na za JAMHURI 1964 nakuonya kwa mapenzi. Zile za kwanza zilipigwa hapa hapa kwa mihuri ya mkono baada ya Mapinduzi, kabla hazijaja zilizochapwa, ndo maana kuna zilizopinda, zilizopigwa juu chini, na ndo maana mafundi wa kughushi wanazipenda, muhuri wa mpira hauna ugumu. Usiandike "adimu" wala "makosa ya muhuri" kwenye tangazo mpaka aione mjuzi. Kwa za bei kubwa Royal Philatelic Society ya London wana kamati ya kutoa cheti. Hakuna bima itakayokulipia muhuri wa bandia, na mnunuzi akirudisha utalipa nauli mbili.

---

mtoto_wa_malindi

Mimi naondoka kwenye huu mjadala, nimekuja na fenesi nimekuta mawakili. Ila swali, bibi yangu ana kasha la misumari ya shaba na mlango mzima wa nakshi, nikiuza nje bima yake inakwendaje?

---

klia_bandarini

Mlango wa kale usiuguse. Kwanza nenda Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale uulize, mlango wa kale wa nakshi hautoki bila ruhusa. Kasha angalia lisiwe na pembe ya ndovu popote, hata kijipande cha kipini, biashara ya pembe ilifungwa kwa CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, 1989 na huko unakopeleka watalichukua lote. Na kasha kuria hawalipimi kwa kilo tu, wanapima urefu mara upana mara kimo kwa sentimita wanagawa kwa 5000. Kasha la sentimita 90 kwa 45 kwa 45 kwao lina kilo 36 na ushei hata ukilijaza hewa. Linakwenda kwa meli hilo, si kwa ndege.

---

mtoto_wa_malindi

Basi bibi atalilalia kanga zake.

---

Bint_Kikwajuni

Narudi na habari baada ya wiki 5, samahanini kwa kimya.

Mreno nilimtumia kwa rejista ya kawaida, nikatia dola 2 kwenye kibubu (nimekinunua kweli!), ilifika siku ya 19. VAT alidaiwa, alikuwa anajua, hakusema kitu.

Mmarekani nilimjibu kama alivosema klia, kuwa siandiki zawadi. Akanuna, akasema basi futa. Nikafuta nikamrudishia hela zake zote, na stempu zimeuzwa tena kwa 150 kwa mtu wa Afrika Kusini, safari hii nimeandika usafiri wa kweli na nimeandika kwenye tangazo kuwa ushuru ni wake na thamani naandika ile aliyolipa. Nimepoteza dola 15, nimelala usingizi.

Mjerumani nilimuandikia kwa ukweli, nikamwambia bima ya kitu hiki huku kwetu ni hivi na hivi, niko tayari kugawa mara mbili kwa rejista na tofauti ya posta nalipa mie kwa kuwa nilikosea mwenyewe. Akakubali, na kumbe mwenyewe ana bima yake ya mkusanyaji kule kwao inayochukua vitu anavyonunua vikiwa njiani, alikuwa ananiambia "insured" kwa maana anataka namba na saini tu ili bima yake ikubali! Wiki nzima tumezungushana kwa neno moja. Bi Tamu, nimefunga kama ulivosema, na video ipo, birika linaonekana vizuri.

Bahasha ya kwanza ilifika Jumanne, ya pili Ijumaa. Kaniandikia kila kitu ni salama, gundi safi, isipokuwa anauliza mbona stempu zina harufu kali, ni dawa gani nimetia na je itadhuru karatasi?

---

Bi_Tamu_wa_Shangani

Mwambie ni karafuu, si dawa. Na ziko nje ya bima, hizo umempa bure.